Tabibu wa Bukhara Nyumbani kwa Mjomba Hilali

Siku ya pili ya msiba wa Mjomba Hilali, hapa Sib, mwanamke mmoja nisiyemjua alimwegemea mwenzake akamwuliza, kwa ile sauti ambayo watu hudhani ni ya chini, kama marehemu ndiye yule aliyekuwa akiwashika watu mkono na kuwatajia miji mpaka akajua wanampenda nani. "Ndiye huyo," mwenzake akajibu. "Tena bintiye mwenyewe alimwoza hivyo hivyo, kwa mapigo ya mshipa, na wamekaa raha mustarehe mpaka leo." Waliokuwa karibu wakacheka kile kicheko cha msibani kinachoishia kwenye kitambaa cha pua. Nasra, huyo binti mwenyewe, alikuwa akipita na dele la kahawa. Akacheka nao, akawamiminia, akaendelea na safari yake. Mimi nikaangalia zulia. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimeona wengi wakifa na wengi wakipona, na si mwepesi wa machozi wala wa kicheko. Lakini hadithi hiyo naijua ilivyokuwa, na kila inaposimuliwa vizuri namna hiyo huachwa siku tisa ambazo hakuna anayezisimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili wa chuo cha uuguzi, na kwa kuwa kwetu kulikuwa mbali nilikaa kwa mjomba mwaka ule mzima. Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, katika zile nyumba za serikali, karibu na soko la samaki kiasi kwamba upepo ukigeuka asubuhi mkaza mjomba, Bi Rayya, alikimbia kufunga madirisha huku akisoma uradi. Mbele kulikuwa na majlisi ya wanaume yenye mlango wake wa nje, kisha sebule yetu, kisha jiko. Ukuta wa kati ya majlisi na sebule ulikuwa mwembamba hata ukisikia mtu upande wa pili akitafuna tende unajua kama ana meno. Chumba changu kilikuwa cha Nasra, vitanda viwili, kabati moja, na kiyoyozi kilichonguruma kama mzee anayeota. Nasra alinizidi mwaka mmoja. Siku niliyofika aliniachia kitanda cha dirishani bila kuombwa, akanipa nusu ya kabati, na usiku wa kwanza akanitajia watu wote wa mtaa na kasoro zao. Sijapata rafiki mwingine aliyenipokea hivyo.

Mjomba alikuwa amestaafu kazi ya kutoa dawa katika zahanati. Miaka yote ile alisimama nyuma ya kidirisha akiwahesabia watu vidonge vilivyoandikwa na mtu mwingine, na nadhani ndiyo maana alimpenda mno mtu aliyejua kila kitu mwenyewe. Mtu huyo alikuwa mwanafalsafa na mganga wa kale, Mwislamu aliyezaliwa pande za Bukhara na kufariki karne nyingi kabla yetu. Mjomba hakumwita kwa jina. Alimwita Tabibu basi, kama unavyomwita jirani anayejulikana mtaa mzima, nasi tukazoea. Tulijua kwamba Tabibu alihifadhi Kurani akiwa na miaka kumi, kwamba alimponya amiri wakati ndevu zake hazijajaa, na malipo aliyotaka yalikuwa ruhusa ya kuingia maktaba ya jumba. Tulijua alisoma kitabu kimoja mara arubaini bila ya kukielewa, na siku alipokielewa alitoa sadaka kwa furaha. Tulijua alivyokimbia mji hadi mji, alivyofungwa ngomeni akaandika humo humo, alivyotoroka kwa kujivika nguo za masufi. Alipozidiwa na usingizi katikati ya masomo alikunywa kikombe kimoja kujirudishia nguvu. Mjomba alituapia kuwa kilikuwa kikombe cha sharubati, na kila akifika hapo Bi Rayya alitazama dari.

Mafundisho yenyewe yalitolewa wakati wa chakula cha mchana, tukiwa tumeizunguka sinia. Bado naiona ile ya wali wa nazi na mchuzi wa papa, na mjomba akiwa amesimamisha tonge hewani kwa sababu fikra imempita mbele ya mdomo. "Ulaya nzima imesomea udaktari katika kitabu chake, mamia ya miaka," alisema, akinielekezea tonge. "Wewe huko chuoni washakwambia?"

"Bado, Mjomba."

"Basi wanakufundisha nini? Kutandika vitanda? Hebu skiza. Tabibu kasema, mfikirie mtu kaumbwa sasa hivi, kaning'inia hewani, kafungwa macho, mkono haugusi mguu, hasikii kitu, haoni kitu. Jee, atajua kuwa yupo?"

"Ana njaa?" akauliza Bi Rayya.

"Hana njaa wala kiu. Hana habari hata ya tumbo."

"Basi huyo kafa, Hilali. Mzikeni, mle, wali unapoa."

Nasra alicheka mpaka punje zikampanda puani, mjomba akajifanya amekasirika, kisha akacheka zaidi yetu. Nakumbuka sinia ile kwa sababu ndiyo ya mwisho ambayo Nasra alicheka akiwa na chakula mdomoni. Baada ya hapo, kidogo kidogo, akaacha kula nasi. Alikaa kwenye sinia, akagusa wali kwa ncha za vidole, akarudisha mkono mapajani. Alikonda mpaka bangili zikawa zinampita mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa halali, alikuwa na machozi ya karibu, na macho yake, yaliyokuwa mazuri tangu mwanzo, yakawa makubwa na ya kung'aa kama ya mtu aliyeitwa ghafla. Kilikuwa kipindi cha baridi, wakati ambao hata Maskati watu huvaa sweta wapate kujionyesha, naye alikuwa akiwasha kiyoyozi na kulala bila ya shuka, mimi nikitetemeka kitandani kwangu chini ya mablanketi mawili. Nilimwuliza ana nini. Akasema hana kitu, joto tu. Nikamwamini, kwa kuwa mwaka ule nami nilikuwa na jambo langu lililonijaza kichwa.

Jambo langu lilikuwa Khalfan. Kila Ijumaa rafiki wa mjomba alikuja kula kutoka Amerat, nyuma ya milima, pamoja na mwanawe huyo aliyekuwa akifanya kazi ofisini Qurum. Walikaa majlisi na sisi sebuleni, kwa hiyo nilimjua Khalfan kwa sauti kabla ya uso. Alikuwa mtu wa kuuliza. Mjomba alipomaliza kumsifu Tabibu, wengine walisema mashallah wakanyoosha mkono kuchukua chungwa, lakini Khalfan aliuliza, "Na yeye, Ami, hakuwahi kukosea?" Ijumaa moja nilikwenda mlangoni kupokea bakuli la halwa waliloleta, akanikuta pale, akaniuliza kitu gani kigumu zaidi katika uuguzi. Nikamwambia ni kumwangalia mgonjwa na kusahau unachotaka awe nacho. Akalifikiria jibu langu. Hakuna mwanamume aliyewahi kulifikiria jibu langu mbele yangu, na ilinitosha. Tangu siku ile, mtu akitaja Amerat, hata akisema bei ya viwanja imepanda, nilisikia masikio yananichemka. Sikumwambia mtu yeyote, hata Nasra, na nilijiona nimeficha vizuri.

Mjomba aliangalia hali ya binti yake kwa wiki kadhaa, akampa vitamini, akampa asali ya milimani, akamsomea. Bi Rayya alitaka apelekwe hospitali. Nilimsikia kupitia ukuta akisema, "Mtoto anaisha, Hilali, mimi nnaogopa," na mjomba akijibu kwa upole, "Si maradhi haya. Haya nnayajua." Ijumaa moja alasiri wageni walikuwa wamekwishaondoka. Akatuita sebuleni, akamkalisha Nasra kwenye mto mkubwa, akakamata kifundo cha mkono wake kwa vidole vitatu. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye zamu yake imefika baada ya kusubiri maisha mazima. Hadithi yenyewe tulikuwa tumeisikia mara nyingi: kijana wa nyumba ya mtawala anadhoofika, waganga wote wameshindwa, Tabibu anamshika mshipa na kumwita mtu anayeijua nchi amtajie miji, kisha mitaa, kisha nyumba, na kila jina likitajwa vidole vya Tabibu vinasikiliza, mpaka mapigo yanaruka kwenye jina moja, na dawa inakuwa ni kuozwa.

"Thuraya mwanangu," mjomba akaniambia, "mimi nisikilize mshipa, wewe taja. Taratibu. Anza hapa hapa Sib."

Nikataja. Sib, Al Khoud, Mawaleh. Mjomba alikuwa amefumba macho. Nasra alinitazama mimi, akiwa na uso wa mtu anayevumilia mchezo wa mtoto. Nikataja Qurum, nikataja Ruwi, nikataja Matrah, na wakati wote huo nilijua jina gani limebaki. Nilijiambia nilitaje kama mengine. Nikafungua mdomo, sauti ikakwama. Ilikuwa ni kupepesa macho tu, si zaidi, kisha nikasema, "Amerat." Nasra akanikazia macho ghafla, na mjomba akafumbua yake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniambia nitaje watu tunaowajua Amerat. Tulikuwa tunajua nyumba mbili tu, moja ya bibi mshona kofia na nyingine ya yule rafiki wa mjomba. Mshipa wa Nasra ulikuwa ukipiga mbio, hilo sina shaka nalo. Ulikuwa ukipiga mbio tangu Sib, na ungepiga mbio hata ningetaja China, lakini mjomba hakuwa akisikiliza tangu Sib. Alikuwa akisubiri jina. Nilipomtaja Khalfan, akauachia mkono wa binti yake taratibu, akambusu kipaji cha uso, machozi yakamtoka. "Usione haya, mama," akamwambia. "Ni kijana wa watu. Mbona usiseme siku zote?" Nasra akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Bi Rayya akapiga kigelegele nusu, akakikatisha kwa kulia.

Miaka mingi baadaye niliisoma hadithi hiyo mwenyewe, kwa makini. Kabla ya miji na mitaa, Tabibu anaomba kuuona mkojo wa mgonjwa. Anaanza na mwili. Hapo mjomba alikuwa akiparuka haraka kufika kwenye mapenzi, nasi hatukuwahi kumwuliza. Sisemi hivi kumsuta marehemu. Nimeona madaktari waliosoma wakifanya kosa lilo hilo, wana jina la ugonjwa kichwani na wanamsubiri mgonjwa alitamke. Na katika chumba kile mjomba hakuwa peke yake aliyekosea. Yeye alikosea kwa kupenda, nami nilimsaidia kwa sauti yangu.

Mambo yakaenda upesi. Mzazi kuzungumza na mzazi, Khalfan kuulizwa na kukubali kwa adabu, kwa kuwa kijana hawezi kuambiwa binti wa watu anakonda kwa ajili yake akasema hapana. Malka, yaani akdi yenyewe ya ndoa, ikawekwa Ijumaa ya wiki ya tatu. Nyumba ikajaa udi na vitambaa. Mimi niliandika orodha za wageni, nikapima gauni la Nasra na kulipunguza mara mbili, na usiku nililia kimya huku nikimshukuru Mungu kwa kelele za kiyoyozi. Nilijiambia nimekula hasara ya kawaida, kama wasichana wengine, itapita.

Kisha, Jumatano, niliingia jikoni kutafuta maji. Anjela, mfanyakazi wa nyumba, dada wa Songea aliyekuwa amewaacha watoto wawili kwa mama yake, alikuwa akisugua sufuria kwa hasira. "Dada Thuraya, niambie wewe unayesoma," akasema. "Eti huyu dada hali kwa ajili ya mapenzi. Mimi nimpikie nani hizi chapati? Kila siku saa nne anakuja hapa anakula kama fundi wa ujenzi, sahani tatu. Jana amemaliza muhogo wote. Lakini mikono, uwiii, mikono inamtetemeka, kijiko chenyewe hakifiki. Ndiyo maana kwenye sinia hagusi. Anamwonea aibu baba yake asimwage."

"Anakula?"

"Anakula na anakwisha. Kwetu mtu hivyo tunampeleka hospitali, hatumwozi."

Nikasimama na glasi ya maji mkononi. Wiki mbili tu kabla, mwalimu wetu alikuwa amefundisha habari za tezi ya shingoni inapozidisha kazi yake: mtu anakula na anakonda, anaona joto wakati wengine wanaona baridi, anatetemeka, halali, macho yanatoka, na moyo unakimbia usiku na mchana mpaka siku moja unashindwa. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Nikaenda chumbani. Nasra alikuwa amelala usingizi wa mchana, uso umeelekea ukutani, mkono mmoja nje ya kitanda. Nikapiga magoti, nikaweka vidole juu ya kifundo chake, nikatazama saa. Moyo wa mpenzi, hata apende vipi, usingizini hupumzika. Wa Nasra nilihesabu mapigo mia na thelathini na mbili kwa dakika moja. Nikahesabu tena nikinong'ona tarakimu ili nisikosee, nikapata hayo hayo.

Sasa yangekuwa mepesi kama ningeinuka pale nikaenda majlisi. Mjomba alikuwapo, alikuwa peke yake, akisoma. Nilifika mpaka mlangoni. Na pale mlangoni nikajiuliza nitasemaje. Nitasema Nasra hampendi Khalfan, avunjeni. Nani anasema? Thuraya, ambaye anamtaka Khalfan mwenyewe. Hakuna aliyejua, lakini mimi nilijua, na niliona kama kila mtu ataliona usoni mwangu mara nitakapofungua kinywa. Zaidi ya hapo nilikuwa ninakula chumvi ya mtu yule, na nilitaka kumwambia mbele ya heshima yake yote kuwa Tabibu wake amempoteza. Nikageuka. Nikasema nitasema kesho.

Kesho nikasema labda nimehesabu vibaya. Siku ya tatu nikajipa moyo kuwa Bi Rayya ataona mwenyewe. Siku ya nne nilikuwa chuoni, na mwalimu aliponiita jina nikashtuka nikaangusha kalamu. Siku ya tano Nasra alipanda ngazi tatu za kibarazani akakaa chini katikati. Nilikuwa nikiamka kila saa kusikiliza kama anapumua, kisha asubuhi nikimbandikia hina ya majaribio mkononi huku tukizungumza habari za sahani. Chakula hakikunishuka. Bi Rayya akaniangalia akasema, "Na wewe usije ukawa umepata ya mwenzio," akacheka. Na kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika wala kulisema. Siku ya saba, nikiwa nakunja mashuka, fikra ilinipitia kuwa nikinyamaza tu, bila ya kufanya lolote, huenda kusiwe na malka wala bibi harusi. Niliitupa mbali mara ile ile. Lakini ilikuwa imeshaingia, ikakaa, na tangu hapo nikawa simwogopi mjomba tena. Nilikuwa nikijiogopa mwenyewe.

Ijumaa ya malka, baada ya chakula cha mchana, nyumba ililala kidogo kusubiri alasiri. Sinia za halwa zilikuwa zimepangwa sebuleni, zimefunikwa. Niliingia chumbani nikamkuta Nasra amelala chali, midomo mikavu, na chini ya ngozi ya shingo yake nikaona mshipa ukiruka, nikiwa nimesimama mlangoni, bila ya kumgusa. Sikufikiri tena. Nikaenda majlisi bila ya kubisha hodi. Mjomba alikuwa amevaa dishidasha mpya, anajifukiza.

"Mjomba, njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo umshike mkono."

Akanifuata, akidhani ni machozi ya bibi harusi. Nikamwonyesha kidole mdomoni, anyamaze. Nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, nikachukua vidole vyake vitatu mimi mwenyewe, nikaviweka kwenye mshipa. "Sasa," nikamnong'oneza, "sitataja mji wowote."

Alikaa. Alifumba macho kwa mazoea, kisha akayafumbua, akaitazama saa yake. Niliona midomo yake ikihesabu. Alikuwa mtu wa zahanati, jamani, alijua tarakimu. Alihesabu dakika nzima, akahesabu ya pili. Hakuniuliza nimejuaje. Hakuniuliza tangu lini, na nilikuwa nimesimama pale nikisubiri swali hilo kama mtu anayesubiri kofi. Alisema neno moja tu, "Funguo," nami nikakimbia kuzileta.

Tulimbeba kwenye gari. Bi Rayya akabaki peke yake na halwa na wageni, na baadaye alituambia kuwa Khalfan na baba yake walipofika aliwafungulia mlango akiwa bado na vitambaa vya udi mkononi. Hospitali walimwingiza Nasra mara moja. Daktari alitoka baada ya muda mrefu, mwanamke mdogo wa mwili aliyechoka, akasema ni tezi, akasema moyo umeshaanza kudhurika, akasema angechelewa siku mbili tatu zaidi wasingekuwa wanazungumza habari za dawa. Mjomba alimsikiliza kwa heshima kubwa, amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Daktari alipoondoka akakaa kwenye kiti cha plastiki na dishidasha yake mpya.

"Tabibu mwishoni aliugua tumbo," akaniambia. "Akajitibu mwenyewe. Akazidisha dawa. Unajua?"

"Sijui, Mjomba. Hukutusimulia hiyo."

"Sikuisimulia," akasema. "Nilikuwa siipendi."

Nasra alilala wodini wiki tatu. Khalfan alikuja siku ya pili, akasimama nje ya pazia, akamwambia mjomba kuwa yeye hakukubali binti mzima wa afya tu, amekubali binti, na kwamba atasubiri. Nilikuwa upande wa pili wa pazia nikibadilisha maji ya jagi. Nililisikia, na nilijua kuwa mtu niliyemfikiria ndiye huyo huyo, wala sikukosea kumpenda. Malka ilifungwa baada ya miezi minne, Nasra akiwa na mashavu. Mimi nikamaliza chuo, nikaolewa na mtu mwema, nikapata watoto, na sina la kulalamika. Mjomba hakuacha kumpenda Tabibu, lakini hakushika tena mkono wa mtu. Watu waliposimulia alivyomwoza binti yake kwa mapigo alikuwa akitabasamu na kunitazama. Sikujua alikuwa anataka nini, nikanyamaza, na sasa hayupo.

Jioni ile ya siku ya pili ya msiba wageni walipungua. Nasra akaja kukaa karibu nami kwenye zulia, akanyoosha miguu, akalalamikia magoti. Nilikuwa nimebeba maneno haya zaidi ya miaka thelathini, na yakatoka bila ya kupangwa.

"Nasra. Mimi nilijua. Nilikuhesabu mapigo siku tisa kabla ya kumwambia Mjomba."

"Jumatano," akasema. "Nnajua. Sikuwa nimelala."

Nikageuka kumtazama.

"Ulikuja ukapiga magoti, ukaanza kunong'ona. Nikakusikia ulipofika mia, nikakusikia unapita. Nikasema, alhamdulillah, Thuraya kajua, atasema." Alikuwa akisema polepole, bila ya ukali. "Na la Khalfan nnalijua vile vile. Ulipotaja Amerat nilijua, ndiyo maana nilikutazama. Nusura nicheke."

"Basi kwa nini hukusema wewe?"

"Ningemwambia nani? Baba alikuwa analia kwa furaha. Mimi kijiko kilikuwa kinanishinda, Thuraya, ningeinua maneno yale? Nikasema nitamwachia Thuraya. Kila asubuhi ukinipaka hina, nasubiri. Siku tano za mwanzo nilikuwa nnakuombea upate nguvu. Baada ya hapo nikaanza kukuchukia. Kisha ukasema, ukaniokoa, nikakosa pa kuiweka ile chuki. Nimezunguka nayo miaka hii yote, nakualika harusi za watoto wangu, nakupakulia wali."

Kutoka majlisi, kupitia ukuta ule ule, nilisikia sauti ya Khalfan akimwuliza mtu kuhusu safari ya kurudi Amerat.

"Hebu nambie kitu kimoja," akasema Nasra. "Kama Baba angekuwa safarini Ijumaa ile. Ungemwambia mtu mwingine? Ama ungengoja?"

Nilitaka kusema ningemwambia. Ni jibu nililolitayarisha tangu nikiwa na miaka ishirini, na nimelirudia mara nyingi hata siku nyingine huliamini. Nilimwangalia, nikasema, "Sijui."

Nasra akatikisa kichwa polepole, machozi yakimlengalenga.

"Jibu hilo ningelipokea tangu Jumatano ile," akasema. "Ilikuwa uje tu unambie."